Mafundi wa Nguo na Chama Chao

Mtu apitaye barabara ya Musienene, kusini ya Butembo, au azungukaye katika mitaa ya Butembo na Beni, hakosi kusikia mlio wa cherehani. Barazani fundi ameinama juu ya kazi yake. Ukutani nyuma yake zimetundikwa libaya mbili tatu za kikwembe, na sare za shule, mashati meupe na sketi za buluu, zawangoja wenyewe. Kazi hii imewalisha watu wengi katika nchi yetu. Imelipa karo za watoto, imewainua wajane, na tangu vita vilipoanza kuwafukuza watu mashambani, imewapa chakula wakimbizi walioacha kila kitu nyuma yao isipokuwa ujuzi wa mikono yao.

Tena mafundi hawa si washonaji tu. Mama akileta kikwembe kipya na kusema, "Binti yangu, nishonee libaya ya arusi ambayo mwingine hana," fundi hana karatasi ya kufuatisha. Huyatazama maua ya kitambaa, huwaza, huchora kwa chaki, kisha hukata. Hapo amekuwa mbunifu wa mavazi, sawa na wale wa miji mikubwa ambao majina yao yaandikwa magazetini. Akili anazo, na mikono anayo. Tofauti kubwa ni hii: wale wa miji mikubwa wana chama, naye fundi wetu yu peke yake.

Leo twataka kueleza chama cha namna hiyo chafanya nini. Watu wengi hudhani ya kuwa chama ni sanduku la fedha tu, ambalo kila mmoja hungoja zamu yake ya kupokea, kama ilivyo desturi ya likelemba. Likelemba ni jambo jema, lakini chama cha kazi ni zaidi ya hapo. Kazi yake ni kufanya mambo manne ambayo fundi mmoja, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuyafanya: kuilinda kazi na jina lake, kuwafundisha wanaomfuata, kuwakusanya wanunuzi, na kusema mbele ya serikali.

FUNDI ALIYE PEKE YAKE

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme shule moja yataka sare 400 kabla ya masomo kuanza mwezi wa Septemba. Fundi mmoja, akishona sare 4 kwa siku bila kuugua wala kufiwa, ataimaliza kazi hiyo kwa siku 100 za kazi. Mkuu wa shule hawezi kungoja hivyo. Basi atakwenda kwa mfanya biashara aletaye nguo zilizoshonwa tayari katika nchi za mbali, na fedha za wazazi zitatoka katika mji wetu zisirudi tena. Lakini mafundi 20 wakikubaliana, kazi ile ile itakwisha kwa siku 5. Hapana cherehani mpya iliyonunuliwa, wala msaada ulioletwa kutoka ng'ambo. Yameongezeka mapatano tu.

Hata hivyo mapatano hayo si jambo jepesi. Sare 400 sharti ziwe na rangi moja na kola ya namna moja, na mishono yake iwe imara sawasawa. Nani atakayezikagua? Nani atakayelirudisha shati lililoshonwa vibaya bila kuleta ugomvi? Nani atakayepokea fedha na kuzigawa kwa haki? Mafundi wasio na sheria wala viongozi watagombana kabla ya sare ya mia moja kwisha. Ndiyo sababu twasema chama, wala hatusemi urafiki tu.

Zipo na hasara nyingine za fundi aliye peke yake. Hununua uzi kidogo kidogo, kwa bei ya rejareja, hali mfanya biashara aliyemwuzia aliununua kwa katoni. Akitunga mtindo mzuri, watu wauona kanisani Jumapili, na kabla ya Jumapili ya pili umekwisha kuigwa na kila mtu, wala yeye hapati hata shukrani. Na mteja akiona bei ni kubwa huenda baraza ya pili, akatoka huko akaenda ya tatu. Mafundi hupunguziana bei mpaka fedha wanayoipata haitoshi kununua makaa ya pasi. Kisha fundi hukosa njia nyingine ya kuokoa ila kushona ovyo ovyo. Kazi ikiharibika, mteja husema, "Afadhali mitumba," na hasara huwa ya mafundi wote.

MAMBO YA KALE YA ULAYA

Mambo haya si mageni duniani. Katika miji ya Ulaya ya zamani kila kazi ilikuwa na chama chake: waokaji, waashi, washona viatu, na washona nguo. Chama kiliamua mwanagenzi ajifunze miaka mingapi, kiliikagua kazi, na kiliwasaidia wajane wa mafundi. Kila chama kilikuwa na mtakatifu msimamizi wake. Wa washona nguo ni Mtakatifu Homobono wa Cremona, huko Italia, mfanya biashara ya nguo aliyefariki tarehe 13 Novemba 1197, na Papa Inosenti III akamtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1199.

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Vyama vile vilikuwa na ubaya wao pia. Wakubwa walifunga mlango wasiingie wengine. Huko Paris kwa muda mrefu chama cha washona nguo wanaume peke yao ndicho kilichokuwa na ruhusa ya kushona hata mavazi ya wanawake. Mwanamke aliyeshona kwa siri aliweza kunyang'anywa kazi yake. Mwaka 1675 tu ndipo Mfalme Louis XIV alipowaruhusu washonaji wanawake kuwa na chama chao wenyewe. Baadaye, mwaka 1791, serikali ya mapinduzi ya Ufaransa iliviondoa vyama vyote vya kazi, kwa kuwa watu walichoshwa na vizuizi vyake. Mafundi wakabaki kila mtu na lake, na punde wakaona ya kuwa hali hiyo nayo ina uchungu wake. Funzo la historia hii ni wazi. Mafundi wasio na chama hudhulumiwa na watu wa nje. Na chama kinachofunga mlango huwadhulumu watu wa nyumbani.

CHAMA CHA PARIS

Mwaka 1868 washona nguo wa Paris walikusanyika tena, wakaunda chama kipya. Katika siku hizo fundi mashuhuri kuliko wote mjini humo alikuwa Charles Frederick Worth. Huyu hakuwa mtoto wa Paris, bali Mwingereza aliyekuja kutafuta kazi kijana bado, akaanza kwa kuuza vitambaa katika duka la watu. Ndiye aliyewazoesha watu desturi ya kushona jina la mbunifu ndani ya vazi, kama vile mchoraji atiavyo sahihi yake katika picha. Tangu hapo mteja alijua kazi ni ya nani, na mwenye kuiga alijulikana kuwa mwigaji.

Chama kile hakikuwashonea watu nguo. Kilifanya mambo ambayo kila fundi aliyahitaji lakini hakuweza kuyafanya peke yake. Kilitetea mitindo isiibwe. Kilipanga siku za maonyesho, ili mnunuzi atokaye Marekani asifunge safari ya majuma mengi kwa meli kuona nguo za nyumba moja tu, bali aone nyumba zote kwa zamu. Mwaka 1927 kilifungua shule yake, ambayo vijana walifundishwa kukata na kushona kwa namna ya mabingwa. Na mwaka 1945 serikali ya Ufaransa ililiweka jina la "haute couture", yaani ushonaji wa daraja la juu kabisa, chini ya ulinzi wa sheria. Tangu mwaka huo hapana mtu awezaye kujiita kwa jina hilo kwa sababu tu amependa. Sharti atimize masharti: kuwa na karakana Paris, kuwa na idadi ya mafundi iliyowekwa, na kuwashonea wateja kwa vipimo vya miili yao.

Tazameni, wasomaji, jinsi jambo hili lilivyo na busara. Jina zuri likitumiwa na kila mtu hupoteza thamani yake, kama fedha inayochapwa bila kiasi. Jina lenye ulinzi humpa imani mnunuzi, na imani ya mnunuzi ndiyo mshahara wa fundi.

WAKATI WA VITA

Nguvu ya chama hujulikana siku ya taabu. Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yaliuteka mji wa Paris. Wakubwa wao waliamua kuihamisha kazi yote ya wabunifu wa mavazi, pamoja na shule na mafundi wake, kwenda Berlin na Vienna. Mwenyekiti wa chama wakati huo alikuwa Lucien Lelong, mbunifu mwenye nyumba yake mwenyewe. Hakuwa na bunduki wala askari. Alikwenda Berlin kwa majadiliano, akawaeleza ya kuwa kazi ile haihamishiki kama mzigo, maana imesimama juu ya watu wengi wadogo wadogo: wenye kutengeneza vifungo, wenye kufuma lesi, wenye kutarizi, ambao wamerithishana ujuzi kutoka mkono hata mkono. Ukiwang'oa hao katika mji wao, kazi itakufa. Wajerumani wakauacha mpango ule, na kazi za maelfu ya watu zikaokoka. Fundi mmoja akienda kusema maneno hayo, nani angemfungulia mlango?

Vita vilipokuwa vinakaribia kwisha, vitambaa vilikuwa adimu na watu hawakuwa na fedha. Chama hakikungoja hali njema. Kilitengeneza wanasesere wa waya, warefu kadiri ya sentimita 70, na kila nyumba ikawashonea nguo kamili, na viatu vyao, na kofia zao, na vifungo vidogo vinavyofunguka kweli. Mwezi wa Machi 1945 wanasesere hao walionyeshwa Paris, na fedha za viingilio zikawasaidia watu walioumizwa na vita. Kisha wakapelekwa London na miji mingine, na mwaka 1946 wakafika New York. Hivyo wanunuzi wa dunia wakajua ya kuwa mafundi wa Paris wangali hai. Kitambaa kilikuwa kidogo, basi wakashona nguo ndogo. Lakini walishona pamoja.

Sisi wa nchi ya Beni na Butembo, ambao tumejua vita na mauaji kwa miaka mingi, na ugonjwa wa Ebola kati ya 2018 na 2020, tuna haki ya kuyafikiri sana mambo hayo.

AFRIKA NAYO YAAMKA

Huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu wenye mali." Sivyo. Mwezi wa Novemba 1998, katika jangwa la nchi ya Niger, mbunifu Alphadi aliwakusanya wabunifu wa Afrika na wa mabara mengine katika maonyesho makubwa yaitwayo FIMA. Alphadi ni mzaliwa wa Timbuktu, na ameliongoza shirikisho la wabunifu wa Afrika. Niger si nchi tajiri. Hata hivyo wageni walifunga safari mpaka jangwani, kwa sababu mafundi wengi walikuwa mahali pamoja.

Kwa jirani zetu wa Tanzania, mwaka 2008, mbunifu Mustafa Hassanali, aliyesomea udaktari kabla ya kushika mkasi, alianzisha Swahili Fashion Week mjini Dar es Salaam, juma la maonyesho kwa wabunifu wa nchi zinazosema Kiswahili na nyingine. Kijana asiyeweza kukodi ukumbi wala kuwalipa waonyeshaji hupata jukwaa, na wanunuzi na waandishi wa magazeti wamo ukumbini tayari.

Na mwezi wa Januari 2020 Imane Ayissi, mtu wa Kameruni, aliingizwa katika ratiba ya maonyesho ya lile daraja la juu la Paris. Ndiye mbunifu wa kwanza wa Afrika ya kusini ya Sahara kufika hapo. Tena hakwenda na vikwembe vya kuchapwa vilivyoigwa Ulaya, bali kwa vitambaa vya asili vya Afrika, na hata vya magome ya miti. Chama kilichoanzishwa na washonaji wa Paris mwaka 1868 kilimfungulia mlango mwana wa Afrika kwa sababu alitimiza kazi yake.

SAUTI MBELE YA SERIKALI

Sasa tufike kwenye jambo kubwa, ambalo wengi hawalioni. Bei ya nguo haiamuliwi sokoni peke yake. Huamuliwa pia katika ofisi za ushuru na katika mikutano ya wakubwa.

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua, ili kufika mwaka 2019 isiingizwe tena, na viwanda na mafundi wa nyumbani wapate nafasi. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na nusu. Lakini huko Marekani kipo chama cha wafanya biashara wa nguo kuukuu, kiitwacho kwa kifupi SMART. Mwaka 2017 chama hicho kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, kikidai ya kuwa kazi 40,000 za Wamarekani zingepotea. Serikali ya Marekani ikazionya nchi zetu ya kuwa zaweza kunyimwa nafasi ya kuuza bidhaa kwao bila ushuru, nafasi iliyotolewa kwa sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Kenya ikarudi nyuma. Kisha Tanzania na Uganda nazo zikarudi. Rwanda ilishikilia neno lake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi ile.

Hatusemi hayo ili tuwachukie wauza mitumba. Mitumba yawavika maskini wengi, na mama aiuzaye sokoni naye ana watoto wa kulisha. Twataka tu wasomaji waone jinsi jambo lilivyokwenda. Wafanya biashara wa nguo kuukuu walikuwa na chama, kikaandika barua, kikasikiwa kutoka bara moja hadi jingine. Fundi wa barazani, ambaye shauri lile lilihusu chakula chake cha kila siku, hakuulizwa neno, maana hapana mtu ajuaye pa kumwuliza.

Tangu mwaka 2022 nchi yetu ya Kongo nayo ni mwanachama wa Jumuiya hiyo ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo mashauri ya namna hii yatatugusa zaidi, nasi tulio karibu na mpaka wa Uganda tutaguswa kwanza. Huko Nairobi lipo shirikisho liitwalo ACTIF, lililoundwa mwaka 2005, ambalo limeviunganisha vyama vya pamba na nguo vya nchi nyingi za Afrika, tangu mkulima wa pamba hata mshona nguo, ili viseme kwa sauti moja juu ya ushuru na masoko. Lakini shirikisho huunganisha vyama. Fundi asiye na chama hana mlango wa kuingilia humo.

JINA LA KIKOI

Tutoe mfano mmoja zaidi, unaotuhusu sisi wenye kusema Kiswahili. Kila mtu wa pwani ajua kikoi ni nini. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuliandikisha neno hilo, kwa tahajia ya "kikoy", liwe alama yake ya biashara. Kama ombi lile lingalikubaliwa, mfumaji wa Kenya angaliweza kuzuiwa kuuza kikoi chake Uingereza kwa jina ambalo babu zake walilitumia. Watu wa Kenya, wakisaidiwa na shirika la Kiingereza la Traidcraft, waliungana kulipinga ombi hilo kwa njia ya sheria, nalo halikufaulu. Mfumaji mmoja, kule alipoketi penye kitanda chake cha mfumi, asingalijua hata ya kuwa neno lake liko hatarini.

HAPA KWETU TWAWEZA KUFANYA NINI?

Butembo ni mji wenye sifa ya biashara katika Kongo nzima. Wafanya biashara wake walijifunza tangu zamani kuagiza mali pamoja na kuaminiana. Wengi wao wamo katika FEC, shirikisho la makampuni ya Kongo, ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1972. Lakini shirikisho hilo lawafaa hasa wenye makampuni. Fundi wa Musienene mwenye cherehani moja yampasa aanze na chama kinachomfaa kwa kimo chake.

Sheria haimzuii. Kongo iliingia katika OHADA, muungano wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012. Sheria ya OHADA juu ya vyama vya ushirika, iliyopitishwa mwaka 2010, yaruhusu ushirika mdogo kuundwa na watu 5 tu. Kila mwanachama ana kura moja, awe ameweka fedha nyingi au kidogo. Uongozi wake ni kamati ya watu wasiozidi 3. Wanachama wakifika mia moja au zaidi, kamati yaweza kuwa na watu 5. Ushirika huandikishwa katika daftari la serikali, na kisha waweza kufanya mapatano na shule au hospitali kwa jina lake wenyewe. Wale wasiotaka kufanya biashara pamoja, bali kufundishana na kusaidiana tu, waweza kuifuata sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya vyama visivyotafuta faida. Tena mitindo na alama za biashara zalindwa na sheria ya tarehe 7 Januari 1982. Fundi mmoja huogopa gharama na safari za kuandikisha. Watu 20 waweza kuzichanga.

Je, fedha zitoke wapi? Tuseme mafundi 20 waweka kila mmoja franka 2,000 kwa juma. Kwa juma moja ni franka 40,000; kwa majuma 50 ni franka 2,000,000. Kwa fedha hiyo chama chaweza kununua uzi na vifungo kwa bei ya jumla, au kununua cherehani ya chuma ya kudarizi ambayo fundi mmoja hawezi kuipata, ikatumiwa na wote kwa zamu. Haba na haba hujaza kibaba.

Chama kikisimama, kazi zake za kwanza ni rahisi kuzitaja. Kiweke alama yake, kijibandiko kidogo kishonwacho ndani ya kila vazi lililokaguliwa, na lisilo sawa lisipewe alama hiyo hata kama mwenye kulishona ni mwenyekiti. Kiweke bei ya chini kabisa kwa kila namna ya vazi, ili mafundi washindane kwa uzuri wa kazi, wala si kwa njaa. Kiwapokee wasichana wanaotoka katika shule za ushonaji, maana wengi hupata cheti, wakapewa pengine na cherehani, kisha hukosa mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kumpima mteja, kuweka hesabu, na kudai malipo kwa adabu. Kipange siku moja ya maonyesho kabla ya tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, ambayo kina mama wa vikundi vingi hununua kikwembe cha namna moja. Siku hiyo huleta kazi nyingi kwa muda mfupi, nayo yafaa ipangwe mapema kuliko kugombaniwa.

Lakini zipo hatari, na afadhali zijulikane mapema. Vyama vingi vya kwetu havifi kwa kukosa fedha. Hufa kwa kukosa daftari. Mweka hazina asiyesoma hesabu mbele ya wote kila mwezi huanza kushukiwa, hata akiwa mwaminifu. Chama kingine hufa kwa sababu mwanzilishi amekifanya mali yake, au ukoo mmoja umekishika. Na kingine hufunga mlango, kama vile vyama vya kale vya Paris, kikawatoza wageni kiingilio kikubwa ili wasiingie. Mkimbizi aliyefika jana na sindano yake tu aruhusiwe kuingia, maana akikaa nje atashona kwa bei ya njaa, na bei hiyo itawarudia wote.

NENO KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Ninyi wazazi, mkimpeleka binti au kijana kujifunza ushonaji, msidhani mmemaliza kazi siku mnapomnunulia cherehani. Mwulizeni pia: utafanya kazi na nani? Ninyi wakuu wa shule na viongozi wa vikundi vya parokia, mnapotaka sare au vikwembe vya jubilei, waulizeni kwanza mafundi wa mahali, nanyi wapeni taarifa miezi mitatu kabla, ili waweze kupangana. Na ninyi wanafunzi wa ushonaji, jifunzeni hesabu na kuandika barua kwa bidii ile ile mnayojifunza kukata kitambaa, maana chama chenu kitahitaji mwandishi na mweka hazina kabla ya kuhitaji bingwa.

Basi mafundi watano wa Musienene na waketi pamoja Jumapili moja baada ya Misa. Waandike majina yao, waamue mchango wa juma, wachague mmoja wa kushika fedha na mwingine wa kushika daftari, asiwe yule yule. Kisha waende kwa mkuu wa shule iliyo karibu, wamwulize sare ngapi zitatakiwa mwezi wa Septemba.